Maiti Hacheleweshwi

Njia ya kwenda Mbayani haikuwa ndefu, ila ilikuwa na wenyewe, na wenyewe hawakuwa na haraka. Hicho ndicho kisa kizima. Apendaye muhtasari anaweza kuishia hapa akalale. Tuliobaki tuendelee, polepole, kwa heshima ya nchi inayosimuliwa.

Bi Somoe, fundi cherehani, aliingia nchi ya Nyasifupi siku ya Jumatatu asubuhi akiwa na mfuko mmoja. Ndani ya mfuko mlikuwa na gauni jeupe la harusi, kazi ya wiki tatu, lenye shanga mia nne kifuani, kila moja imetungwa kwa mkono. Gauni lilikuwa la Mwanakheri, binti wa dada yake, ambaye ndoa yake ingefungwa Ijumaa baada ya sala, huko Mbayani, upande wa pili wa Nyasifupi. Dada mtu alikuwa ametuma neno fupi: "Somoe, wewe ukishindwa kuja tutakusamehe. Gauni lisipokuja sikusamehe."

Sasa, Nyasifupi yote ni uwanja mmoja wa gofu. Ina mashimo kumi na nane, ua wa michongoma pande zote, na lango moja la kutokea, mbele ya shimo la kumi na nane. Kuingia unaingia popote penye upenyo. Kutoka unatoka langoni tu, na kwa zamu. Raia wake hawaitwi raia, wanaitwa wanachama, nao hutembea wanne wanne, kundi nyuma ya kundi, wakipiga mpira mdogo kwa fimbo kuelekea shimo, na shimo likishapatikana wanauchota mpira na kuelekea shimo jingine. Mtu wa nje anaweza kuuliza kwa nini wasiuache humo. Wa ndani hawajawahi kuuliza.

Upenyo aliouingilia Bi Somoe ulimtoa kwenye shimo la nne, mbele ya kundi lenye watu watatu. Wa kwanza alikuwa Mheshimiwa Pongwe, mwenye kitambi na kofia, Rais wa Baraza la Mwendo. Wa pili mkewe, Bi Rehani, ambaye aliposwa kwenye shimo la kwanza, akaolewa kwenye la pili, na kwenye la tatu akapata mvi. Wa tatu alikuwa mtu mwembamba mwenye saa kubwa mkononi na bunda la karatasi kwapani. Huyo aliitwa Bwana Mdoe, na cheo chake kilikuwa Mwangalizi wa Mwendo.

"Nafasi ya nne iko wazi," Bwana Mdoe alimwambia. "Mwenzetu ametangulia."

"Heri yake," akajibu Bi Somoe. "Na mimi ningependa kumfuata leo hii, ikiwezekana kabla ya adhuhuri."

Watu watatu wakatazamana. Bi Rehani akamshika mgeni mkono kwa huruma nyingi. "Usiseme hivyo, mwanangu. Dunia ni ngumu, lakini mtu hajikatii tamaa."

Bi Somoe hakuelewa, lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huelewa baadaye. Akapewa fimbo, akasimama kwenye nafasi ya nne.

Ilikuwa zamu ya Mheshimiwa Pongwe kupiga. Aliuzunguka mpira kulia, akauzunguka kushoto. Aling'oa nyasi tatu akazirusha hewani kutazama upepo, na upepo haukuwapo, akangoja uje. Akasimulia jinsi alivyopiga mpira wake wa mwaka juzi, penye hali kama hiyohiyo, na jinsi ambavyo wengi walishangaa. Kisha akaanza kupiga hewa. Kupiga hewa ni desturi: mchezaji huipiga hewa mara tisa kabla ya kuupiga mpira, na kila mara wenzake husema, "Safi." Mara ya sita alisimama, akasema hewa hiyo haikuwa safi, akaanza upya.

Alipoupiga mpira hatimaye, uliruka hatua kumi na moja.

"Safi," wakasema wote. Jua lilikuwa limekwisha kuhama upande.

Bi Somoe alimsogelea Bwana Mdoe. "Bwana, kazi yako hasa ni ipi?"

"Kuharakisha mchezo," akajibu bwana yule kwa sauti ya mtu anayesoma jiwe la kaburi. "Mchezo ukichelewa, natoa barua ya onyo. Nimetoa barua elfu nne. Nimepandishwa cheo mara tatu, yote hapahapa kwenye shimo la nne."

"Lakini wanaotuchelewesha si wale walio mbele yetu? Mbona hukuwapelekea wao?"

"Wako mbele."

"Naona."

"Niwafikie vipi bila kuwapita walio kati? Na kumpita mtu ni kumdharau. Kifungu cha pili."

"Sasa barua unampa nani?"

"Walio nyuma."

"Walio nyuma wamekosa nini?"

Bwana Mdoe alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Wamechelewa, Bi mgeni. Huwaoni walivyo nyuma?"

Jumatatu ikaisha hivyo. Jumanne, Mheshimiwa Pongwe aliupiga mpira wake ukaingia kichakani, ukapotea.

Kwingine mpira ukipotea huchukuliwa mwingine. Nyasifupi mpira ukipotea huwekewa matanga. Mkeka ulitandikwa, kahawa ikaletwa, na Mheshimiwa akakaa ameshika tama akipokea pole. Makundi ya nyuma yalisimama kila moja mahali pake na kupaza sauti kwa zamu: "Poleni!" Naye Bi Rehani akaitikia kila mara, "Tumeshapoa!" ingawa ilikuwa wazi kwamba hawajapoa. Kundi la shimo la kwanza lilipomaliza kutoa pole ilikuwa Jumatano jioni.

"Matanga ya mpira ni siku ngapi?" Bi Somoe aliuliza, akiukumbatia mfuko wake.

"Tatu," alisema Bi Rehani. "Ungekuwa mpya, tungefanya saba."

Alhamisi asubuhi Bi Somoe aliamka miguu imevimba na moyo umesinyaa. Alikaa pembeni ya mkeka akahesabu. Jumatatu shimo la nne, Alhamisi shimo la nne. Yalibaki kumi na manne. Kwa mwendo ule Mwanakheri angelivaa gauni siku ya kumwoza mjukuu wake.

Nyuma yao walikuwa walimu wanne, watu wepesi, ambao walikuwa wamemaliza kupiga mipira yao tangu wiki iliyopita. Walikaa juu ya mifuko yao ya fimbo wakipiga miayo. Mkubwa wao, Mwalimu Zuberi, alikuwa ameokota barua zake za onyo na kuzifanyia mto wa kulalia. Bi Somoe aliwatazama, akawaonea haya. Yeye alilelewa vizuri. Kwao, mtu akiwa amekaa na mwenzake ana safari, humpisha.

Akasimama, akatabasamu, akawaambia kwa upole wote aliokuwa nao: "Jamani, sisi bado tuna matanga. Ninyi tangulieni."

 Kikombe cha kahawa kilianguka mkekani.

Mwalimu Zuberi alishuka kutoka juu ya mfuko wake taratibu, akakaa chini, akashika kichwa. "Wote wanne?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Bi mgeni, tumekukosea nini? Mimi nina watoto wadogo!"

Mwenzake mmoja alikwisha kuanza kutubu dhambi zake kwa sauti, nyingine zikiwa mpya kabisa kwa wenzake.

Hapo ndipo Bi Somoe alipoelewa. Hata kwao, waliokufa husemwa wametangulia. Lakini kwao neno hilo ni kama kanga, leo la kujifunika, kesho la kubebea mtoto, na hakuna anayegombana nalo. Wanyasifupi, kwa hofu na kwa heshima ya marehemu wao, walikuwa wameliachia kazi moja tu. Kutangulia ni kufa. Kumwambia mtu atangulie ni kumtakia kifo. Na kwa kuwa kupita ni dharau na kutangulia ni mauti, kati ya dharau na mauti watu wakaona bora wasimame.

Hakimu wa nchi, Hakimu Mtengeti, alikuwa katika kundi la mbele, hatua ishirini hivi. Akaitwa. Hakuja, kwani kurudi nyuma nako kuna kifungu chake, lakini aligeuka akaisikiliza kesi palepale, fimbo begani.

"Umewaambia watangulie?"

"Nimewaambia, Mheshimiwa, lakini nilikuwa nawapisha. Wanakwenda, sisi tumekaa."

"Wanakwenda wapi?"

"Mbele."

"Nani yuko mbele?"

"Wewe, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo," alisema Hakimu taratibu, "uliwatakia wafe na kisha wanipite mimi. Mauti na dharau kwa sentensi moja. Nina miaka ishirini na sita kwenye kiti hiki na sijapata kuona."

Mheshimiwa Pongwe alisimama kutoka kwenye msiba wake akatoa ushahidi. Akakumbusha kwamba mshtakiwa, siku ya kwanza tu, aliposikia mwenzao ametangulia, alisema heri yake. Watu waliguna. Bi Rehani akaongeza, kwa masikitiko, kwamba alisema pia anataka kumfuata kabla ya adhuhuri.

"Una la kusema?"

"Nina harusi kesho," alisema Bi Somoe. Tangu Jumatatu hilo ndilo lilikuwa lake la kusema, na hapakuwa na mtu wa kuambiwa.

Hakimu akapiga hewa mara tisa kwa fimbo yake, kama sheria inavyotaka kabla ya hukumu, na watu wakasema safi. Kisha akatamka: "Aliyewatakia wenzake watangulie, na atangulie yeye."

Vilio vikapanda. Bi Somoe alingoja vipungue. "Nitangulie mpaka wapi, Mheshimiwa?"

"Mpaka mwisho. Utapitishwa mashimo yote, utolewe langoni, na nchi hii haitakuona tena."

"Lini?"

"Sasa hivi. Maiti hacheleweshwi."

Bi Somoe alichukua ncha ya kanga yake akaing'ata kwa nguvu, ili kigelegele kisimtoke. Wanyasifupi walioona mabega yake yakitikisika walisema maskini, analia.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini Bi Rehani, ambaye alikuwa mama mwema na aliyezoea misiba, aliuliza marehemu atasitiriwa kwa nguo gani, na bila kungoja jibu akaufungua mfuko. Gauni jeupe likachomoza juani, shanga zikimetameta.

"Yarabi," alinong'ona. "Amekuja na sanda yake."

Mheshimiwa Pongwe alilishika gauni kwa vidole viwili, akaligeuza, akakunja uso. Yeye alikuwa Rais wa Baraza, na rais hawezi kuona jambo likienda vizuri akalinyamazia. "Sanda haishonwi," alisema. "Hii imeshonwa. Ina mikono. Ina pindo. Na hapa mgongoni, Mheshimiwa Hakimu, ina zipu."

"Zipu!" walisema walimu wanne kwa pamoja.

"Marehemu anakwenda wapi na zipu?" aliuliza Hakimu.

"Ndiyo maana natoa hoja ifumuliwe. Mishono yote, na shanga zitolewe moja moja, kwa heshima. Tuunde kamati ya watu saba. Bibie ana wembe."

Bi Rehani alikuwa na wembe. Aliutoa kwenye kikapu cha kahawa akaufuta kwa kitambaa.

Bi Somoe alikuwa amekubali kucheleweshwa, kushtakiwa, kuhukumiwa na kuliliwa akiwa mzima. Hili hakulikubali. Alijitupa juu ya gauni kama kuku anayefunika vifaranga. "Nifumueni mimi!" alipiga kelele. "Mimi hapa, anzieni popote mpendapo, lakini huo mshono msiuguse! Wiki tatu, jamani! Nimeshona na macho haya hayaoni vizuri! Mtoto hana gauni jingine!"

Hakuna aliyesogea. Wembe ulikuwa angani. Ndipo ikasikika sauti kavu kutoka pembeni.

"Naomba kutoa onyo."

Alikuwa Bwana Mdoe. Alikuwa amechomoa karatasi moja kutoka kwenye bunda lake na alikuwa akiijaza. Akavuka mkeka, akapiga zile hatua ishirini, akamnyooshea Hakimu barua. Kundi zima likaguna, kwani hakuna aliyewahi kuona barua ya onyo ikienda upande ule.

"Mimi niko mbele," Hakimu alimkumbusha.

"Ulikuwa mbele, Mheshimiwa. Sasa umegeuka. Aliyemgeukia mwenzake hayuko mbele wala nyuma, wako sawa." Bwana Mdoe akatazama saa yake. "Hukumu imetoka saa tano na dakika kumi. Sasa ni saa tano na ishirini na moja. Mazishi haya yamechelewa dakika kumi na moja. Kufumua nguo ile ni kazi ya siku mbili, na kamati ya watu saba ni mwaka. Kifungu cha mwisho kinasema maiti hacheleweshwi. Hakisemi isipokuwa ana zipu."

Hakimu aliisoma barua mara mbili. Ilikuwa barua yake ya kwanza, na ilimuuma jinsi barua ya kwanza inavyouma.

"Zikeni," alisema.

Jeneza lilitengenezwa kwa vijiti vinne vya bendera na turubai. Bi Somoe akalazwa, gauni juu yake, mfuko chini ya kichwa, mikono ameifumba kifuani ili shanga zisikwaruzwe. Wakamnyanyua.

Na hapo Nyasifupi ikatembea.

Kubeba jeneza ni thawabu, na thawabu haina vifungu. Kundi la mbele liliacha mipira yake nyasini likakimbilia kutoa bega. La mbele yake vilevile. Walimu walikuja mbio kutoka nyuma. Hakuna aliyesema amepitwa, kwani nani atadai kudharauliwa na maiti? Jeneza lilihama bega hadi bega kama ndoo ya maji penye moto, shimo la tano, la sita, la saba. Mheshimiwa Pongwe mwenyewe alikuwa akikimbia na kitambi chake, kofia mkononi, akihema, "Nipeni na mimi! Nipeni na mimi!" Bi Somoe, chali, alihesabu bendera zikipita juu ya pua yake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu upepo ulimpiga usoni.

Kwenye shimo la kumi na moja walikuta wazee wanne wamesimama, mikono nyuma, wakitazama mbele. Walikuwa kundi la kwanza kabisa. Wakaulizwa, harakaharaka, kwa nini wamesimama.

"Tunawangoja walio mbele," walisema wazee.

Jeneza likapita. Mbele ya shimo la kumi na moja hapakuwa na mtu. Shimo la kumi na mbili nyasi zilikuwa zimefika magotini. La kumi na nne, viunoni. La kumi na sita bendera ilikuwa imejengewa kiota na ndege, na ndege alikuwa na vifaranga. Nchi nzima ilipita pale, wote wakaona, na kwa kuwa si adabu kuzungumza mazishini, hakuna aliyesema neno.

Langoni walimtua. Bwana Mdoe, ambaye alikuwa ameng'ang'ania mguu wa jeneza toka mwanzo mpaka mwisho, alitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni, akaitazama tena.

"Dakika thelathini na nane," alisema. Jasho lilikuwa likimtiririka, na uso wake ulikuwa uso wa mtu mwingine, mdogo kwa miaka kumi. "Kutoka la nne hadi la kumi na nane. Dakika thelathini na nane!"

Bi Somoe alikaa juu ya turubai, akalikagua gauni. Pindo lilikuwa na doa la kijani, upana wa kucha. Shanga zote zilikuwepo. Akainuka.

"Bwana Mdoe, mmeona kule nyuma. Hakuna mtu mbele yenu. Hajakuwapo miaka."

"Tumeona."

"Na lango hili hapa liko wazi. Basi tokeni."

Bwana Mdoe alitazama lango. Nyuma yake watu walikuwa wamejaa, wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja alikuwa akilitazama pia, kisha anamtazama aliye karibu naye. Mheshimiwa Pongwe alikohoa.

"Jambo hili zito," alisema. "Haliwezi kuamuliwa wima. Kwanza lazima tujue utaratibu wa kurudi kila mtu mahali pake, maana mtu wa shimo la kwanza sasa amesimama na mtu wa shimo la kumi na moja, na hii ni fujo. Mkeka uletwe. Tufanye kikao."

"Kikao hufunguliwa na mkubwa," alisema Hakimu. "Mkubwa ni wewe, Mheshimiwa."

"Hapana, mkubwa ni wewe. Kaa kwanza."

"Siwezi kukaa kabla yako."

Wakabaki wima, wakipishana. Mmoja wa wazee wanne akawaambia wasijali, yeye amezoea kungoja.

"Twende nawe," Bi Somoe alimwambia Bwana Mdoe kwa sauti ya chini. "Mtu wa saa kama wewe unabaki hapa kufanya nini? Mbayani si mbali. Kuna pilau kesho."

 Mguu mmoja wa Bwana Mdoe ulisogea, kidogo tu, upana wa doa lile la pindoni. "Kwenu," aliuliza, "mtu akichelewa mnamfanyaje?"

"Tunamwacha."

 Bwana Mdoe akachomoa barua moja ya onyo, akaigeuza, akaliandika jibu lile nyuma yake, akaikunja akaiweka mfukoni. "Nitakuja," alisema. "Kikao kikiisha."

"Kitaisha lini?"

 Bwana Mdoe alikuwa akitazama saa, na mng'ao wa usoni ulikuwa ukimtoka taratibu, kama maji yanavyonywewa na mchanga.

Bi Somoe alimngojea. Alingoja mpaka mkeka ukaletwa, na ukaibuka mjadala uelekezwe upande gani. Alingoja mpaka Bi Rehani akaanza kuteleka kahawa. Kisha akalikunja gauni mara mbili, shanga ndani, akalitia mfukoni mwake, akajitwika mfuko kichwani, akatoka zake. Maana marehemu, hata awe na huruma kiasi gani, hasubiri kikao.